Lokole ya Isangi na Watunzi wa Mbali

Mto Lomami unaanzia Katanga, unateremka kuelekea kaskazini kwa zaidi ya kilomita 1,400 ukiandamana na Lualaba bila kugusana nayo, na mwisho wake ni Isangi. Hapo maji yake huingia katika Mto Kongo, kilomita zipatazo 125 magharibi ya Kisangani kwa anayeshuka na mkondo. Mji umekaa kwenye makutano hayo. Kando ya mto wanaishi Walokele, watu wa mitumbwi, uvuvi na biashara ya samaki. Ndani ya msitu wako Watopoke, Waturumbu na wengine. Anayesafiri kwa boti kati ya Kisangani na Basoko hana budi kupita mbele ya macho yao. Zamani, kabla hajafika mbele ya macho, alikuwa ameshafika masikioni.

Chombo kilichofanya kazi hiyo kinajulikana mtoni kwa jina la Kilingala, lokole. Ni ngoma isiyo na ngozi. Fundi huchukua gogo la mti mwekundu, ule ambao unga wake watu wa msitu walijipaka mwilini kwa urembo, akalichimba kupitia ufa mwembamba aliokata juu yake mpaka libaki ganda lenye midomo miwili. Ustadi wote uko katika kuchimba. Upande mmoja unachimbwa zaidi kuliko mwenzake, ili midomo hiyo itoe sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Wenyewe husema moja ni ya kiume na nyingine ya kike. Mpigaji anashika vijiti viwili vilivyofungwa mpira mbichi wa msituni kwenye ncha. Usiku uliotulia, juu ya maji, sauti hiyo husikika kilomita kumi hivi, na kijiji kinachoisikia kinaweza kuipokea na kuisukuma mbele.

Nataka kusimulia habari za lokole pamoja na habari za watunzi wachache wa Ulaya, kwa sababu moja ninayoiamini kabisa. Wasikilizaji wengi wa kwetu huukimbia muziki wa orkesta kwa kusema kwamba hauna maneno, hivyo hausemi kitu. Lakini kwenye makutano ya Lomami na Kongo ala isiyo na maneno ilitangaza vifo, ikaita wachumba na kualika watu kwenye mieleka. Mtu aliyekulia karibu na ala kama hiyo ana masikio yaliyo tayari kumsikiliza Beethoven kuliko anavyodhani.

Tuanze na mto mwingine. Tarehe 4 Aprili 1875, mjini Praha, orkesta ilipiga kwa mara ya kwanza kazi ya Bedřich Smetana iitwayo Vltava. Smetana alizaliwa mwaka 1824 katika mji wa Litomyšl, mwana wa František mpika bia. Nchi yake, Bohemia, ilikuwa chini ya utawala wa Austria, na Vltava ni mto wake, wenye urefu wa kilomita 430. Mtunzi aliamua kuusimulia mto huo kwa ala peke yake. Unasikia filimbi zikizungukana: hiyo ni chemchemi ya kwanza. Klarineti zinaingia: hiyo ni ya pili. Vijito vikishakutana, fidla zinashika wimbo mpana unaoteremka na kupanda kama mkondo wenyewe. Mto unapita penye wawindaji, na pembe zinalia. Unapita penye harusi ya wakulima, na muziki unageuka kuwa dansi. Usiku unaingia, mbalamwezi inatua juu ya maji. Kisha yanakuja maporomoko, orkesta nzima inachafuka. Mwisho mto unafika Praha na kupita chini ya ngome ya kale ya Vyšehrad. Yote hayo kwa muda wa dakika 12 au 13. Smetana aliandika kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 1874, wiki chache tu baada ya kuwa kiziwi kabisa. Hakuwahi kuisikia kwa masikio yake.

Nimeitanguliza Vltava kwa makusudi. Mtu wa Isangi haelezwi makutano ya mito ni kitu gani, wala harusi inavyosikika kutoka mtumbwini. Akiambiwa tu kwamba filimbi na klarineti ni vijito viwili, anaweza kuufuata mto huo mpaka mwisho bila msaada wa mtu.

Hata miaka miwili haikutimia tangu siku ile ya Praha. Katika siku za mwisho za Januari 1877, Henry Morton Stanley alivuka maporomoko yaliyo juu ya mahali palipo Kisangani leo, akashuka na mto kuelekea magharibi. Waliopiga makasia walikuwa watu wa Unguja na wa pwani, Waswahili, nahodha wa mashua yake akiwa Uledi. Walipita mdomo wa Lomami, na tarehe 1 Februari wakapigana vita vikali vya majini penye makutano ya Aruwimi. Njia nzima ngoma zilikuwa zikiwatangulia. Masikio ya msafara ule yalisikia kitu kimoja tu, vita. Na mara nyingi kweli ilikuwa vita. Ila masikio yale yalikuwa na upungufu wake: Kiswahili hakitofautishi maneno kwa kupandisha na kushusha sauti, na kwa mzungumzaji wa lugha ya namna hiyo lokole ni kishindo.

Nyuma ya Stanley wakaja wafanyabiashara wa pembe na watumwa wa Tippu Tip. Stanley aliporudi kwa kupandisha mto mwishoni mwa mwaka 1883, alikuta ng'ambo hizo vijiji vilivyochomwa moto na kambi yenye mateka waliofungwa minyororo. Hatuna haki ya kusimulia jinsi Kiswahili kilivyofika Kisangani huku tukiruka ukurasa huo. Mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls, penye maporomoko yale ya Kisangani, kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold, na miaka michache baadaye dola hiyohiyo ikapigana na watu wake na kuwashinda. Walokele wakabaki na mto wao, na lokole ikabaki nao.

Mwaka 1896 wamisionari Wabaptisti wa Kiingereza walifungua kituo Yakusu, kati ya Kisangani na Isangi. Walileta shule, hospitali, mashine ya chapa na nyimbo za kanisani. Kwa miaka arobaini waliishi ndani ya sauti za lokole. Wazungu wengi wa nyakati zile waliamini kuwa ngoma hizo zina alama za siri kama simu ya upepo ya Morse: pigo refu, pigo fupi, herufi. Aliyekuja kuivunja imani hiyo alikuwa kijana aitwaye John Carrington.

Carrington alizaliwa mwaka 1914 Rushden, Uingereza, akafika Yakusu mwaka 1938. Siku moja alisafiri kwenda kijiji cha Yaongama bila kutoa taarifa, na alipofika akawakuta mwalimu, msaidizi wa hospitali na waumini wamekusanyika wanamngoja. Lokole ilikuwa imeshawaambia. Akatambua kwamba anaishi katikati ya mazungumzo makubwa asiyoyaelewa, naye akaketi chini ya wapigaji kama mwanafunzi.

Alichofundishwa ni hiki. Katika Kilokele kila silabi ina kiimbo chake, cha juu au cha chini, na kiimbo kikibadilika maana inabadilika. Kuna sentensi moja, yenye konsonanti na vokali zilezile, ambayo kwa kiimbo kimoja inasema mtu aliangalia ukingo wa mto, na kwa kingine inasema alimchemsha mama mkwe wake. Lokole huacha konsonanti na vokali zote na kubeba kiimbo peke yake. Hapo ndipo tatizo linapoanza: mwezi na kuku, vikiondolewa konsonanti na vokali zake, vinabaki na mapigo mawili yanayofanana kabisa. Mpigaji atamfanyaje msikilizaji ajue ni kipi?

Jibu la Walokele ni utunzi. Hawapigi "mwezi" peke yake. Wanapiga mwezi unaoitazama ardhi kutoka juu. Kuku anakuwa kile kidogo chenye kulia kiokio. Kila neno lenye shaka linapewa sentensi yake, ndefu, yenye mdundo wake, iliyorithiwa kutoka kwa wazee, na msikilizaji anaitambua sentensi nzima kwa umbo lake. Carrington alikadiria kwamba lokole inatumia maneno kama manane pale ambapo mdomo unatumia moja. Kisha ujumbe wote unarudiwa, tena na tena, ili aliyekosa mwanzo aupate mwisho.

Mwaka 1948, kule Marekani, mwanahisabati Claude Shannon alichapisha nadharia yake ya mawasiliano, akionyesha kwamba ujumbe unaopita penye kelele huokolewa na yale yanayoongezwa juu ya mahitaji. Mwaka uliofuata Carrington akachapisha kitabu chake, Talking Drums of Africa. Wapigaji wa mtoni walikuwa wakiifanyia kazi kanuni hiyo kabla mmoja wa hao wawili hajazaliwa.

Lakini kitu kilichonivutia kuliko vyote katika maelezo ya Carrington ni majina. Kila mtu mzima alikuwa na jina lake la ngoma, na jina hilo lilikuwa refu: lake mwenyewe, la baba yake, na kijiji cha mama yake. Akiitwa kutoka maili kadhaa mbali, anaitwa pamoja na ukoo wake wote. Carrington mwenyewe alipewa jina, na mkewe, Nora, aliweza kumwita kwa lokole arudi kula alipokuwa amezama msituni akitafuta mimea.

Sasa nawaomba wasomaji wanisikilize ninapompigia jina la mtu mwingine: Johann Sebastian, mwana wa Johann Ambrosius mpiga fidla na tarumbeta wa Eisenach, mama yake akitoka Erfurt. Huyu ni Bach, aliyezaliwa mwaka 1685. Wajerumani huziita noti za muziki kwa herufi, na kwa bahati njema herufi nne za jina Bach zote ni noti. Ukizipiga kinandani kwa utaratibu wao, B, A, C, H, unapata wimbo mfupi wa sauti nne zilizobanana, unaojikunja kama mtu anayepita penye mlango mdogo. Bach alilijua jambo hilo. Miaka ya mwisho ya maisha yake alikuwa akitunga kazi kubwa ya ala, Die Kunst der Fuge, ambayo ndani yake wazo moja la muziki linaingia kwa sauti moja, likafuatwa na la pili, la tatu, la nne, kila moja likisema maneno yaleyale kwa wakati wake mpaka zote zinasemezana. Katika kipande cha mwisho aliliingiza jina lake mwenyewe, noti zile nne. Kurasa chache mbele mwandiko unakatika. Bach alifariki mwaka 1750, na kazi hiyo ikachapishwa bila mwisho.

Mara ya kwanza msikilizaji anaposikia kipande cha namna hiyo huona ni vurugu. Shauri langu ni asikilize kama wanavyosikiliza watu wa kando ya mto wakati vijiji kadhaa vinapokezana habari: ashike sauti moja, aifuate, kisha aisubiri itokee tena upande wa pili. Ikishatokea mara ya tatu ataitambua bila kujitahidi. Bach anarudia kwa ajili yetu, kama lokole inavyorudia.

Vita vya pili vya dunia viliukuta mto ukiwa chini ya Ubelgiji, na Ubelgiji wenyewe ukiwa umetekwa na Wajerumani. Kongo ilipigana upande wa Washirika. Julai 1941 askari wake waliiteka Saio, Ethiopia, kutoka kwa Waitalia. Miezi michache kabla, Januari mwaka uleule, Mbelgiji aliyekuwa akitangaza kutoka BBC London, Victor de Laveleye, aliwaambia watu wa nchi yake waandike herufi V kila mahali, ishara ya ushindi kwa Kifaransa na ya uhuru kwa Kiflemi. Katika Morse, V ni mapigo matatu mafupi na moja refu. BBC wakaligonga pigo hilo kwa ngoma mwanzoni mwa matangazo yao kwa nchi zilizotekwa. Mara watu wakatambua kwamba wanalijua tayari: ndivyo inavyoanza Simfoni ya Tano ya Beethoven.

Ludwig, mwana wa Johann mwimbaji wa Bonn, mama yake akitoka Ehrenbreitstein. Alizaliwa mwaka 1770. Simfoni hiyo ilisikika kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, ukumbini kukiwa na baridi kali, katika tamasha la saa nne hivi ambalo pia lilizindua simfoni yake ya Sita, ile ya mashambani, yenye kijito na ndege watatu wanaoigwa na filimbi, oboe na klarineti. Beethoven alikuwa ameshaanza kupoteza masikio. Katika sehemu ya kwanza ya simfoni ya Tano, yenye dakika kama saba, karibu hakuna kitu ambacho hakikuzaliwa na yale mapigo manne. Yanapigwa kwa nguvu, yananong'onwa, yanapandishwa, yanashushwa, yanarundikwa. Beethoven alikuwa na uwezo wa kutunga nyimbo ndefu nzuri alipotaka. Hapa alikusudia tusipotee hata mara moja, nasi hatupotei.

Hapa pana tofauti ambayo sipendi kuifunika. V ya Morse ni herufi, na herufi haina ukoo na sauti ya mtu. Kila lugha ingeweza kuipa maana yake. Pigo la lokole limetoka moja kwa moja katika mdomo wa msemaji wa Kilokele, na nje ya lugha hiyo halisomeki. Simfoni ya Tano haiko upande wowote kati ya hizo mbili. Haitupi maneno ya kutafsiri, nasi tusimwamini anayedai kuijua tafsiri yake. Tunachokisikia ni umbo la kusema: mwito, jibu, mkazo, shaka, mwisho wa sentensi. Walokele walilijua umbo hilo kwa ukali zaidi kuliko wengi wetu, kwa sababu kwao kulikosea kulikuwa na gharama.

Wasomaji wa Unguja na Mombasa nao wana njia yao ya kufika hapa. Kabla mwimbaji wa taarab hajafungua mdomo, orkesta hupiga bashraf, kipande cha ala tupu kilichokuja kwa njia ya Misri na Uturuki, na watu hutulia wakakisikiliza. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kimelea vizazi vya masikio ya namna hiyo. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba bashraf haina maneno.

Turudi mtoni. Kufikia mwaka 1954 Carrington alikuwa akiongoza shule ya misioni huko Yalemba, mbele ya Isangi kwa anayeshuka na mkondo. Alikuwa na huzuni iliyo wazi: vijana waliokuwa wakisoma hawakujifunza tena lokole kwa bidii, na majina ya ngoma yalianza kuwatoka. Yeye mgeni alikuwa akiwafundisha watoto wa Walokele mali ya babu zao. Sioni aibu katika hilo, wala simwoni Carrington kuwa mwokozi. Walimu wake walikuwa wazee wa mtoni, na alichowarudishia wajukuu kilikuwa chao.

Miezi michache kabla, tarehe 17 Desemba 1953, jina lingine la ngoma lilipigwa Leningrad. Dmitri, mwana wa Dmitri, mama yake akitoka Siberia: ndiye Shostakovich. Stalin alikuwa amefariki Machi mwaka ule, baada ya miaka mingi ambayo mtunzi huyo alikemewa hadharani na kuishi kwa hofu. Katika Simfoni yake ya Kumi alijificha na kujitangaza kwa pamoja. Alichukua herufi za jina lake kwa maandishi ya Kijerumani, D, S, C, H, akazipiga kama noti. Katika sehemu ya tatu jina hilo linaanza kwa wasiwasi, likichungulia. Katikati pembe inaita wimbo mwingine wa noti tano, mara kumi na mbili, na miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba huo nao ni jina, la mpiga piano wa Baku aliyekuwa mwanafunzi wake, Elmira Nazirova. Mwishoni mwa sehemu ya nne hakuna kujificha tena. Orkesta inapiga D, S, C, H, na ngoma za timpani zenyewe zinalipigilia jina hilo kwa nguvu zote mpaka kazi inakwisha.

Sijui namna bora ya kumfungulia mtu wa Isangi mlango wa muziki wa karne ya 20 kuliko dakika hizo za mwisho. Ni mtu aliyekatazwa kusema, akiita jina lake kwa ngoma. Asiyejua lolote kuhusu Urusi atalielewa hilo.

Uhuru wa mwaka 1960, kisha vita vya waasi wa Simba vya mwaka 1964 vilivyoitumbukiza Stanleyville katika damu, vilibadilisha mambo mengi mtoni. Mwaka 1966 mji ukaitwa Kisangani. Carrington alifundisha elimu ya mimea katika chuo kikuu cha huko, akaandika tena juu ya ngoma, kwa Kifaransa safari hii, na akafariki mwaka 1992. Redio, na baadaye simu za mkononi, zikachukua habari za misiba na ndoa ambazo lokole ilizibeba. Kazi ya utarishi imekwisha, na silaumu simu kwa hilo. Mama anayetaka kujua kama mwanawe amefika Kisangani salama anastahili jibu la haraka. Kilichobaki ni sanaa, na sanaa haimalizwi na simu.

Miaka miwili baada ya kifo cha Carrington, kwenye mto huohuo lakini mbali sana kuelekea baharini, jambo lisilotarajiwa likaanza. Mjini Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alikusanya waumini wa kanisa la Kimbangu waanzishe orkesta ya simfoni. Alikuwa rubani aliyepoteza kazi, na muziki alikuwa amejifunza mwenyewe. Kanisa lilikuwa na desturi ya filimbi na matarumbeta. Fidla zilikuwa chache, watu wakapokezana moja kwa zamu. Waya ya breki ya baiskeli ilishika nafasi ya uzi uliokatika. Besi kubwa zilitengenezwa papo hapo mjini. Mwaka 2010 filamu ya Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, iliwaonyesha duniani wakijiandaa kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven katika mji ambao umeme hukatika katikati ya mazoezi. Mwaka 2014 walizuru Uingereza.

Nimesoma sifa nyingi walizopewa, na nyingine zinaniudhi, kwa sababu zinasifu umaskini wao kuliko upigaji wao. Watu wale wanafanya kazi mchana kutwa, kisha jioni wanashinda juu ya mstari mmoja wa fidla mpaka ukae sawa. Hiyo ni bidii ya wanamuziki popote walipo. Na hawakuishia kupiga kazi za wengine. Diangienda na wenzake wameanza kutunga zao kwa ajili ya orkesta.

Wala si wao peke yao katika eneo letu. Mganda Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, aliandika mwaka 1988 kazi ya fidla mbili, viola na chelo iitwayo Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Wapigaji wa Kronos Quartet wa Marekani waliirekodi katika albamu yao Pieces of Africa ya mwaka 1992. Ukiisikiliza utasikia nyuzi zikigongwa na kuruka kwa midundo ya Buganda, kila ala ikishika kipande chake kidogo na kukirudia, hadi vipande vinajisuka kuwa kitu ambacho hakuna ala moja inayokipiga.

Katika simfoni zake nyingi Beethoven alimpa mpigaji wa timpani ngoma mbili tu, moja ya sauti ya juu na moja ya chini. Kwa muda mrefu watunzi walizitumia kushindilia mwisho wa sentensi za wengine. Katika simfoni ya Tisa, iliyosikika mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824 mtunzi akiwa amesimama jukwaani bila kusikia kitu, alifanya jambo geni. Sehemu ya pili inaanza kwa nyuzi kugonga mdundo mkali, zinanyamaza, zinagonga tena, na halafu timpani inaukata ukimya peke yake: juu, chini. Imepewa zamu yake ya kusema. Baadaye, katikati ya sehemu hiyo, inaingilia mazungumzo ya orkesta mara kadhaa kwa mapigo yaleyale, na orkesta inalazimika kubadili mwelekeo.

Ningekuwa na saa moja ya redio kwa wasikilizaji wa Isangi, Yangambi na Yakusu, ningeanzia hapo, kwenye ngoma mbili za simfoni ya Tisa kama wanavyozipiga Kinshasa. Ningefuatisha Vltava, kisha mwisho wa simfoni ya Kumi ya Shostakovich, na kabla ya kila kazi ningemwomba mpigaji mmoja wa lokole, akiwa bado yupo mwenye jina lake, amtangaze mtunzi kwa jina, kwa baba, na kwa kijiji cha mama.